Ramani ya Meza ya Pili

3 Februari

Kaka Timazi,

Shikamoo. Na kwa yule anayeifungua barua hii kabla yako, shikamoo au habari za kazi, kutegemea umri wake, maana mpaka leo sijui. Safari hii asikate kitu, hamna cha kukata. Ni habari njema tupu.

Rafiki, kama tunavyoiita hapa nchi hiyo unayoishi, analeta meli. Najua magazeti ya huko kwake yameshakwambia, lakini hayajakwambia nani ataiingiza bandarini. Ni mwanangu. Mpwa wako! Ameteuliwa yeye kuwa rubani: ataifuata meli nje, atapanda, ataiongoza mpaka gatini, na bendi ikipiga. Miaka ishirini na miwili tangu majirani watufungie mipaka na bahari, hajaingia hapa mgeni mwenye urefu kuliko boti ya samaki. Hii inasemekana ni ndefu kuliko mtaa wetu. Inaleta unga, dawa, na mashine ya umeme.

Ofisi ya bandari imeingiwa na wazimu. Ratiba nimeipiga taipu mara sita, kwa sababu wakubwa hawajakubaliana nani asimame mbele ya nani. Ukuta umepakwa rangi mpaka pale macho ya mgeni yatakapofika. Kutoka hapo kwenda juu ni masizi yale yale unayoyajua.

Na sikiliza hili. Walitafuta zawadi ya kumpa Rafiki, kitu ambacho hajapewa mtu. Wakatoa stoo ile ramani ya kina cha bandari uliyoichora wewe. Nakala moja imeenda kwake ndani ya kasha la mbao, nyingine imetundikwa juu ya taipureta yangu. Jina lako wamelibandikia karatasi, lakini nani asiyezijua tarakimu saba zako zilizofungwa mkanda kiunoni? Nikiinua kichwa nakuona.

Macho yananisumbua. Kama yule fundi miwani wa chini kwako bado yupo, nikumbuke.

Mdogo wako,
Pilipili (hakuna mwingine anayeniita hivyo tena)


24 Februari

Pilipili,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani siku nne kabla sijashika kalamu. Fundi miwani yupo; kila asubuhi nasikia akisaga vioo chini ya kitanda changu, na nimeshazoea kiasi kwamba Jumapili, akifunga, ndiyo siamki vizuri.

Nilipofika mji huu na begi moja, watu hawa walikuwa wanapanga foleni ya sabuni. Mama mwenye nyumba alikuwa anakata kipande chake kwa uzi ili kitoshe wiki. Leo mjukuu wake anauza vioo vya maghorofa, na watu walewale waliokuwa kwenye foleni wananunua bandari za watu. Siwachukii. Walinipa chumba wakati wao wenyewe hawana. Lakini nimewaona wakikua, na nakwambia: Rafiki hana rafiki, ana ratiba.

Nijibu mambo mawili. Meli hiyo tumbo lake linashuka mita ngapi chini ya maji? Na mwanao ataiongoza kwa kufuata nini, ile ramani ya ukutani? Unaikumbuka ofisi yangu, ulipokuwa unaniletea chai baada ya shule? Kulikuwa na meza mbili.

(Hapa mistari mitatu imekatwa kwa wembe.)

kwa hiyo mwambie siku hiyo augue. Tumbo, jino, chochote. Aende rubani mwingine, au asiende mtu. Nakuomba kama kaka yako, usiniulize zaidi.

Timazi


15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na dirisha katikati. Nimechungulia, nikaona jiko langu.

Yaliyobaki nimeyaelewa vizuri mno. Mama alipofariki hukuweza kuja, nilikutetea. Watu wakaniambia asiyekuwepo na lake halipo, nikagombana nao hapo hapo msibani. Sasa mwanangu kapata siku moja ya kuonekana, unamwambia augue jino! Ana miaka thelathini na minne. Cheti cha urubani amekisomea kwenye beseni, kaka, kwa vipande vya mbao, kwa sababu meli za kufundishia hazikuwepo. Wenzake wakimpita wanamuuliza, "Vipi nahodha wa kufulia, leo bahari ina povu?" Anacheka nao. Mimi ndiye ninayejua kwamba akifika nyumbani hacheki.

Umekula mkate wao miaka thelathini na moja. Sisi tukitaka kuonja kipande kimoja, unatwambia tuumwe. Sema tu ni wivu, yaishe. Wivu si dhambi kwa mtu aliyekaa mbali, ila usiuvishe koti la hekima.

Umeuliza, najibu. Tumbo la meli linashuka mita tisa. Ramani yako mwenyewe inasema mita kumi na moja pale Kooni, mahali pembamba kuliko pote. Hofu yako ni ya nini basi? Au huiamini kazi ya mikono yako?

Hospitali wanachemsha sindano zilezile. Nakwambia hilo ili ujue tunasubiri nini.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako


2 Aprili

Pilipili, na wewe ndugu unayefungua,

Nawaandikia nyote wawili, maana nimechoka kujifanya kwamba tunaoandikiana ni wawili tu.

Meza ya kwanza ilikuwa ya ramani za kweli. Meza ya pili ilikuwa ya ramani za kuibiwa, ndivyo tulivyoziita. Amri ilitoka juu: kila ramani ichorwe mara mbili, ile ya pili itiwe kosa moja la kuua, kisha iachwe mahali ambapo mpelelezi wa adui ataikuta. Meza ya pili nilikaa mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulionekana kuwa wa mtu mkweli. Hata jina la Timazi, kile kipimo cha waashi kisichodanganya, nilipewa hapo, na aliyenipa alikuwa anacheka.

Kwenye ramani ya bandari, kosa liko Kooni. Nilipima mwenyewe siku tatu kwa bildi, ile kamba yenye risasi mwishoni. Mita sita na nusu, na chini ni mwamba. Nikaandika kumi na moja.

Ramani za kweli zilikaa kwenye kabati la mkuu wetu wa kazi. Mkuu alipoangushwa, walichoma kila karatasi iliyokuwa chumbani mwake, wakidhani ni za siasa. Mwenzangu wa meza ya kwanza alifia kifungoni. Mimi nikakimbia. Ikabaki ramani ya kuibiwa peke yake, na kwa vile hakuna adui aliyekuja kuiiba, tumeitoa wenyewe zawadi kwa rafiki.

Msiniambie rubani akapime. Sote tunaijua sheria: mtu akikutwa majini na kamba yenye vifundo ni mpelelezi, na hahojiwi mara mbili.

Wiki jana alinijia afisa wa wizara ya hapa, mtu mpole, viatu safi. Akaikunjua ramani juu ya kitanda changu, kwa kuwa meza haikutosha. "Mzee, hii ni kazi yako?" Nikamwambia hizo saba ni zangu. "Ungempitisha mwanao hapo?" Nikasingizia macho, nikamwomba mwezi mmoja. Nikimwambia kweli, nimeuza siri ya nchi yangu kwa mgeni, na huenda na unga wenu umeondoka. Nikinyamaza, mpwa wangu atapandisha meli mwambani mbele ya bendi, na hakuna atakayeishtaki ramani. Watamshtaki aliyeshika usukani.

Kwa hiyo naanza na wewe, ndugu mwenye wembe, kwa kuwa wewe ni wa kwetu. Ukiipitisha barua hii nitashukuru. Usipoipitisha, basi fanya jambo.

Timazi


27 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mwezi wa pili unaingia sijapata barua yako. Najua nilikuchoma. Jina ulinipa mwenyewe, vumilia ukali wake. Nisamehe, andika hata mistari miwili.

Meli inakuja tarehe kumi na tisa Mei. Nimemshonea mpwa wako vifungo vipya. Analala na ramani yako kifuani kama mtoto na kitabu cha picha. Kooni amepahifadhi kwa moyo, anasema hata akifumbwa macho atapita.

Kuna kisa nikusimulie. Juzi ameingia ofisini mzee mmoja mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni, vidole vimekauka gundi. Ana kibali chenye muhuri, anataka ufunguo wa banda la boti. Nikamwambia asaini. Akasaini, akasema, "Ahsante, Bi Pilipili." Kisha akakohoa kama mtu aliyemeza mfupa, akatoka bila kuchukua kalamu yake.

Nimekaa na lile jina mpaka saa ya kufunga. Ni nani mwingine analijua, kama si mtu anayesoma bahasha zako? Alitoka majini adhuhuri, peke yake, mikono imelowa mpaka viwiko. Nikamuuliza, "Umepata ulichofuata, mzee?" Akasema alikuwa anakagua boya. Boya letu limezama mwaka wa tano huu.

Kama ni wewe, mzee wangu, na unasoma hapa: kalamu yako ninayo. Na sasa nimejua. Ni shikamoo.

Pilipili


10 Mei

Ndugu mwenye gundi vidoleni,

Hii ni yako. Usimpelekee.

Barua ya mdogo wangu imenifikia bila kovu, nikajua kwamba yangu ya Aprili hukuipitisha, lakini ulifanya jambo. Ila sikujua limezaa nini, na siku zilikuwa zinayoyoma. Nimekwenda wizarani kwa miguu yangu. Nikamwambia yule afisa: Kooni ni mita sita na nusu, ramani ni ya uongo, mwongo ni mimi.

Akanimiminia chai. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akanionyesha. "Sita na robo, mzee. Mchanga umeongezeka juu ya mwamba wako. Tulipima mwaka wa kwanza wa urafiki wetu, kwa boti iliyosema inahesabu samaki."

Nikamuuliza, mbona basi wanaleta meli ya mita tisa?

"Haiji kuingia. Inakuja kuonekana." Alisema bila kebehi, kama mtu anayenieleza saa za kufungua ofisi. Majirani zetu wana jambo ambalo Rafiki analitaka, sijui ni madini au ni njia. Wakiiona meli yake imesimama mlangoni kwetu, watalitoa kwa bei nyepesi. Wakishalitoa, meli itageuka. Unga uliomo ni magunia ya juu tu, ya picha.

Nikamuuliza kwa nini alinifuata chumbani kwangu kama alishajua.

"Tulitaka kuona kama kuna mmoja wenu atakayetwambia," akasema. "Serikali yenu ilitupa ile ramani kwa mikono miwili. Kwa hiyo tulijua mnatuweka kundi gani. Urafiki wetu tumeupima hapo."

Nilitamani kumwambia kwamba waliompa hawakujua. Kwamba hatukumdanganya yeye, tumejidanganya sisi wenyewe mpaka tukasahau. Nikaona nitakuwa nimetoa siri kubwa kuliko ya mwamba. Nikamaliza chai.

Kwa hiyo mpwa wangu amepona. Hakuna kitakachopita Kooni. Pumzika. Kama wakubwa zako bado wanabisha, waache wabishe.

Timazi


9 Juni

Ndugu Timazi,

Sijawahi kuandika barua ndefu. Kazi yangu ilikuwa kufupisha za wenzangu, kwa hiyo nivumilie.

Barua yako ya Aprili niliibeba ndani ya shati siku tatu. Siku ya nne nilichukua kamba ya kuanikia nguo ya marehemu mke wangu, nikapiga vifundo, nikafunga jiwe la mizani. Nilipima Kooni mara kumi na nne, maana sikuwa najua kupima. Sita na robo, kama walivyopata wao. Nikaandika ripoti. Mkubwa wangu akaisoma amesimama. Akaniuliza, "Ramani iliyotolewa kwa mkono wa mkuu wa nchi, unataka kusema nini juu yake? Au tuiandikie barua bahari, ijirekebishe?" Waliokuwepo wakacheka. Ripoti ikaingia faili.

Yako ya Mei ilifika siku moja kabla ya meli. Usiku huo nililala vizuri, wa kwanza tangu Aprili. Nilikosea, kama wewe ulivyokosea. Sote wawili tuliwaza juu ya mwamba, tukasahau watu.

Meli ilisimama nje siku tatu, ikaondoka. Baada ya wiki magazeti ya majirani yakaja na picha ya Rafiki amewashika mkono. Hapo wakubwa wakataka kujua ni nani aliyeitia meli hofu. Hawakuweza kusema kwamba hatukuwa na thamani ya kuingiwa; ilibidi awepo aliyetuharibia. Nani alimwambia nahodha kwamba kina cha Kooni ni kifupi? Rubani ana mjomba kwa Rafiki. Wakamchukua.

Siku ya tisa nilikwenda nikasema ni mimi. Nilipima bila ruhusa, nikaropoka kwa wavuvi, habari ikatoka baharini. Walifurahi sana, ushahidi walikuwa nao tayari, ripoti yangu mwenyewe, na saini yangu kwenye daftari la banda la boti. Hawakuwa na haja ya mpwa wako tena.

Barua zako mbili nimezichoma. Mdogo wako hajui habari ya meza ya pili na asiijue. Ukiitaja hata kwa fumbo, atakayekaa kitini kwangu ataiona, na watarudi kwa mwanawe. Mrithi wangu huyo ameshaanza kufundishwa kazi, ndiyo maana nimeachwa kitini mpaka leo; ni mtu wa bidii, anasoma kwa rula.

Kesho asubuhi nasafirishwa. Wameniambia ni shamba la serikali. Sina mtoto. Miaka ishirini na tisa nimesoma za kwenu: mvi zenu, paa la mama yenu, ugomvi wenu na kupatana kwenu. Ile mistari mitatu ya barua yako ya Februari niliikata kwa mazoea tu, kabla sijaelewa. Kama ningeiacha, pengine mdogo wako angekuelewa mapema. Hilo ndilo linalonikaa rohoni.

Hii naipiga muhuri mwenyewe. Saa nane naukabidhi.

Mwenye kalamu iliyosahauliwa


11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mwanangu amerudi. Sitasema alikuwa wapi. Anakula, anaoga, anajibu akiulizwa.

Meli ilikuja kweli. Ilikuwa nzuri, nyeupe, tuliiona kutoka madirishani. Bendi ilianza kupiga tangu saa tatu. Yeye alitoka na boti ya marubani, kofia mpya, vifungo vinang'aa, wakaenda mpaka ubavuni mwa meli. Unajua kawaida: meli inashusha ngazi ya kamba, rubani anapanda. Alikaa pale chini masaa matatu, uso juu, mkono umeshika ukuta wa chuma ili boti isiyumbe. Hawakumshushia ngazi. Kuna mmoja alitokeza juu akampiga picha, akarudi ndani. Adhuhuri bendi ikanyamaza, si kwa amri, walichoka midomo.

Unga haukuja. Ratiba nimeambiwa niipige upya, mahali pa "mapokezi" niweke "mazungumzo". Ramani yako bado iko ukutani. Wameiagizia fremu nzuri zaidi.

Yule mzee nilimtafuta nimrudishie kalamu. Wamesema hakuna mtu kama huyo.

Jana mpwa wako ameniuliza, "Mama, mjomba alijua kitu?" Nikamwambia nitakuuliza. Ulitaka augue. Ulijua nini, kaka? Au ulikuwa wivu tu, kama nilivyokutukana? Nakuuliza mara hii moja. Nijibu, nami sitauliza tena.

Pilipili


1 Julai

Pilipili,

Marahaba. Umeuliza mara moja, nami nitajibu mara moja.

Ulikuwa wivu. Umenijua tangu utotoni, hukukosea. Nilisoma kwamba kijana wa nyumbani ataingiza meli ya watu hawa, mimi ambaye nimekaa kwao miaka thelathini na moja na bado wananiuliza nchi yetu iko upande gani, na roho ikaniuma. Nikatafuta la kusema, nikapata jino. Zile meza mbili zilikuwa meza tu: moja nilichorea, ya pili niliwekea chai yako.

Mwambie mpwa wangu kwamba mjomba hakujua kitu. Mwambie ngazi haikushushwa kwa sababu za wenye meli, si zake. Na asihifadhi tena ramani yangu kwa moyo. Nilikuwa kijana, na bahari haikai mahali pamoja miaka yote hiyo. Hiyo ni picha ya ukutani. Iacheni ipendeze fremu.

Kalamu usiitupe. Itumie kuniandikia.

Miwani naituma pamoja na barua hii. Fundi aliuliza unahitaji kuona umbali gani. Nikamwambia, kutoka uso mpaka karatasi iliyoshikwa mkononi. Akanipa kamba nimwonyeshe kipimo. Nilishika kamba ile, mdogo wangu, nikamrudishia bila kupima. Nikakisia.

Na kwa msomaji mpya: habari za kazi, ndugu. Usipoteze wembe wako. Hamna cha kukata.

Kaka yako,
Timazi